Kiromaneski si Kirumi

Nimekutana tena na picha ya Sant Climent, kanisa la kijiji cha Taüll katika milima ya Pirenei huko Hispania, na chini yake mtu kaandika kwamba lilijengwa na Warumi. Jamani. Dola ya Kirumi ya Magharibi ilianguka mwaka 476. Kanisa hili liliwekwa wakfu na askofu tarehe 10 Desemba 1123, na maandishi ya kumbukumbu hiyo yalichorwa kwa rangi kwenye nguzo ya ndani. Kesho yake askofu huyohuyo akaweka wakfu la pili, Santa Maria, kijijini humohumo.

Kiromaneski ni mtindo wa ujenzi uliotamba Ulaya Magharibi karne ya 11 na ya 12, kabla ya Kigothi: kuta nene, madirisha madogo, matao ya nusu duara. Wengine huongeza paa la mawe, ila Sant Climent limeezekwa juu ya mbao, kwa hiyo hilo tusilishikilie sana.

Kinachowaponza watu ni jina. Mwaka 1818 Mfaransa Charles de Gerville alitaka neno la kuyaita majengo haya, akaliazima kwenye lugha. Kifaransa, Kihispania na ndugu zao walikwisha kuitwa lugha za "romane", yaani wazawa wa Kilatini. Kwa mawazo yake, Kilatini kilichakachuliwa vinywani mwa watu, na ujenzi wa Kirumi nao ukachakachuliwa mikononi mwa mafundi. Kumbe jina lilianza kama lawama! Na lawama yenyewe ya kuonea, maana mafundi wa Taüll walipandisha mnara mwembamba wa ghorofa sita, na baada ya miaka 900 bado umesimama.

Jina basi linataja ukoo tu. Mjukuu akipewa jina la babu, hakuna anayedhani ndiye aliyemtolea bibi mahari.

Kwetu neno Kirumi limeshabeba mizigo ya kutosha: kuna Warumi wa waraka wa Paulo, kuna na Wakatoliki tuliozoea kuwaita Waroma. Kwa hiyo, ndugu yangu wa ile picha, badala ya "na Warumi" andika tu "kwa mtindo wa Kiromaneski". Kama ulimaanisha dhehebu, hapo sina ubishi nawe: Sant Climent ni la Waroma kweli.