Paka wa Goma alale ndani

Wenye paka hapa Goma, hasa waliosomasoma kwenye intaneti, huniuliza: paka akae ndani siku zote au aachwe azurure? Marekani madaktari wengi wa wanyama hushauri akae ndani. Uingereza wengi huona kumfungia ni kumwonea. Wenzetu hao wanabishana juu ya magari na ndege wa bustanini. Sisi tuna mazuku.

Ukiishi upande wa magharibi, Mugunga, Lac Vert, Bulengo, unayajua. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya volkano. Haionekani kwa macho. Usiku upepo ukitulia hujaa. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma hupungua. Mtu mzima anaweza kupita pembeni kichwa kikiwa juu ya hewa hiyo, lakini pua ya paka iko sentimeta 20 au 25 tu kutoka chini. Asubuhi, ukisimama mbali ukingoni (usishuke, wala usimtume mtoto), unaweza kuona mijusi, panzi, pengine ndege, wamelala wamekufa bila jeraha lolote. Paka anaona chakula cha bure. Anashuka kukichukua, naye hapandi tena.

Kwa hiyo nasema paka aingie kabla ya giza, atoke jua likishapanda vizuri. Hapo ndipo ninapopingwa: "Dokta, nikimfungia, panya nani atanikamatia?" Lakini mama, usiku panya wako wapi? Si wako darini, kwenye gunia la unga, nyuma ya makaa? Paka aliyelala ndani yuko kazini. Anayezurura anamwinda panya wa jirani, na huyo huenda ameshakula sumu.

Sumu nyingi za sokoni hazina hata maandishi, nayo ndiyo shida yangu kubwa. Nyingine hufanya kazi upesi: paka anatokwa mate, anatetemeka, anaanguka. Nyingine huzuia damu kuganda, na dalili huja baada ya siku kadhaa: ufizi umepauka, anahema kwa shida, damu puani. Hiyo ya pili ina dawa, vitamini K1, mradi aletwe mapema. Maziwa na mafuta ya kula hayamponyi. Mlete, na pakiti ya sumu uilete pia ukiipata.

Kumfunga kamba shingoni dukani, kama wengine wanavyofanya, sikubali. Hafikii panya, na anaweza kujinyonga.

Anayetoka mchana apate chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3, kisha irudiwe kama daktari atakavyopanga. Dume ahasiwe, hamu ya kutangatanga na kupigana hupungua sana. Paka usiyemjua akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nyumba zetu za mbao zina mianya, najua. Ziba ile mikubwa kwa kipande cha bati, halafu mpe chakula chake kikuu jioni, ndani, saa ileile kila siku. Sambaza chache, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, zinatosha kumrudisha. Ukimshibisha saa kumi alasiri pale uani, saa kumi na mbili hana sababu ya kuingia.