Saratani kwenye tumbo lililokatwa zamani: acheni kuhukumu kwa kovu

Barua nyingine ya rufaa: mzee alikatwa sehemu ya tumbo la chakula miaka ya 1980 kwa sababu ya vidonda, sasa ana saratani kwenye kipande kilichobaki, yaani kisiki, "haifai kupasuliwa". Nani kasema? Kinyama kilichochukuliwa kupimwa kimethibitisha saratani, lakini picha ya CT haijapigwa. Wameona kovu, wakafunga faili.

Nimechoka na imani hii. Ukilinganisha wagonjwa wa hatua moja, wenye saratani ya kisiki na wenye saratani ya sehemu ya juu ya tumbo ambalo halijawahi kuguswa huishi muda unaokaribiana, mradi uvimbe wote umetolewa. Tatizo ni kuchelewa. Aliyekatwa tumbo amezoea kushiba upesi, kutapika nyongo na kukonda, basi dalili mpya hazimshtui, na kliniki inamwongezea omeprazole, dawa ya kupunguza asidi. Hatari hupanda kuanzia miaka 15 hadi 20 baada ya upasuaji wa vidonda. Nyongo inayorudi ina mkono wake, hasa kwa Billroth II, upasuaji unaounganisha kisiki na jejunamu, sehemu ya utumbo mdogo.

Sisemi kazi ni nyepesi. Ini, kongosho na utumbo mpana vimegandana na kisiki, damu humwagika.

Sasa matezi ya limfu, ambako saratani husambaa. Mwongozo unataka yaliyotolewa yahesabiwe angalau 15. Ripoti ya maabara ikirudi na 7, watu wanaguna: mpasuaji mvivu. Jamani! Kama upasuaji wa kwanza ulikuwa wa saratani, mengi yalishaondoka siku ile. Kama ulikuwa wa vidonda, kwa kawaida yangalipo, na hapo gunieni mtakavyo. Tena limfu iliyokatiwa njia hufanya kama maji ya mvua mtaro ukizibwa: huenda upande wa bandama, na kwa Billroth II hushukia mesenteri ya jejunamu (utando unaoushikilia utumbo huo), pale palipounganishwa. Ukiacha kiungio hicho na matezi yake, huenda umeacha saratani tumboni.

Na bandama yenyewe? Jaribio la Japani, JCOG0110, lilionyesha kwamba kuitoa kwa mazoea hakurefushi maisha kwenye saratani ya sehemu ya juu ya tumbo isiyogusa ukingo mkubwa, yaani upinde mrefu wa nje wa tumbo. Ila limfu ya kisiki ina njia zake, na sijashawishika kwamba jibu lile linahamia huku zima zima. Mimi huibakiza, isipokuwa uvimbe umeishika.

Akishatolewa kisiki chote, sindano za vitamini B12 ni za maisha. Ziandikeni kwenye kadi kabla hajaruhusiwa.