ISBN haikupi hakimiliki

Waandishi wengi wa riwaya wanaojichapishia huamini kwamba kitabu kisicho na ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha vitabu, hakina hakimiliki. Sivyo. Hakimiliki huanza pale unapoandika. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa tangu 1886, hauishurutishi kwa usajili wowote. ISBN, yenye tarakimu 13 tangu 2007, hutambulisha toleo tu. Jalada laini lina namba yake, jalada gumu yake; ukibadili picha ya jalada pekee, namba inabaki ileile.

Mtego uko kwenye ISBN ya bure ya jukwaa la uchapishaji. Kwa kawaida huruhusiwi kuhama nayo: ukienda kwa mchapaji mwingine unahitaji namba mpya, na maoni ya wasomaji, uliyoyasotea miezi, huenda yakabaki kwenye toleo la zamani.