Kwa nini anayehitaji moyo mwingine huchunguzwa mapafu?

Hapa Nairobi, ikisikika kwamba fulani anahitaji kupandikizwa moyo, mawazo ya wengi huenda kwenye harambee ya kumpeleka India, na kwamba anayeumwa zaidi ndiye atangulie. Sivyo. Ikishathibitika kwamba moyo wenyewe hautibiki tena, madaktari hugeukia yaliyobaki: figo, ini, meno, kifua kikuu kilichojificha, hata nani atakayesimamia dawa nyumbani. Mgonjwa anaweza kuwa mahututi na bado akakataliwa. Jamaa huona ameonewa, kumbe huenda kilichoamua ni presha ya damu ndani ya mapafu.

Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu mwilini kwa presha ya kama 120. Wa kulia huipeleka mapafuni tu, kwa kama 25, na ukuta wake ni mwembamba. Sasa chukua mtu aliyeishi miaka mingi na vali iliyobanwa na homa ya rumatiki, ugonjwa ambao Kenya haijauaga. Damu hurundikana nyuma ya vali hiyo na mishipa ya mapafu hukakamaa. Upande wa kulia wa moyo wake umenenepa polepole, ukauzoea mzigo. Moyo wa aliyeutoa haujawahi kuubeba. Ni kama kuchukua pampu iliyozoea kupandisha maji ghorofa ya pili, uiunganishe na tangi lililo juu ya fleti ya ghorofa nane kule mtaa wa Pipeline. Pampu ni nzima, ila itanguruma na kupata moto, na maji hayatafika. Moyo mzuri kabisa unaweza kushindwa hivyo saa chache baada ya upasuaji.

Ndiyo maana mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa shingo, mgonjwa akiwa macho, hadi mshipa wa mapafu, kupima presha humo na jinsi mishipa inavyoikinza damu. Ukinzani huo ukizidi yuniti 3 za Wood, kipimo chake cha kawaida, mgonjwa hupewa dawa ya kulegeza mishipa mrija ukiwa bado ndani, na daktari hutazama namba kwenye skrini. Zikishuka bila presha ya mwili kuporomoka, safari inaendelea. Mpaka huo wa 3 umetokana zaidi na kumbukumbu za wagonjwa waliotangulia, si majaribio, na hospitali hazilingani katika kuufuata.

Kipimo hiki hufanyika hapa hapa Nairobi, na ningependa kila familia ikiulizie kabla ya kuitisha mchango. Namba zikikataa kushuka, bado kuna njia: wapo waliowekewa pampu ya mashine upande wa kushoto, mapafu yakapumzika miezi kadhaa, wakapimwa upya, wakakubaliwa.