Istilahi za mitindo ni nini, na kwa nini mbunifu chipukizi azijue

Istilahi za mitindo ni majina ya vipande vya nguo, mishono, mikato, vipimo na tabia za kitambaa. Kila jina limebeba agizo. Mchoro unaonyesha nguo itakavyokaa mwilini, lakini fundi hakati mchoro. Anakata kwa maneno na namba zilizoandikwa pembeni yake, na neno lisilo kamili humlazimisha akisie.

Chukua sketi ya mwavuli. Mteja ana kiuno cha sentimita 72 na anataka urefu wa sentimita 60. Kwa duara zima, nusu kipenyo cha tundu la kiuno ni 72 kugawa kwa 6.28, yaani kama sentimita 11.5. Kwa nusu duara unagawa kwa 3.14 na kupata 23. Duara zima la urefu huo halienei kwenye kitenge chenye upana wa sentimita 115, hivyo hukatwa nusu mbili na kula karibu mita 3. Nusu duara hutoka kwenye mita 1.75 hivi, na hutulia nyongani badala ya kufunguka. Sketi zote mbili watu huziita mwavuli. Ukiandika "mwavuli" peke yake, fundi ataamua kwa kuangalia kitambaa ulichomletea.

Marinda nayo yana mtego wake. Marinda ya kuvuta kwa uzi huhitaji kitambaa mara mbili hadi tatu ya kiuno, kutegemea uzito wake. Marinda ya kukunja na kupigwa pasi, yakipangwa bila kuachana, huhitaji mara tatu kamili, kwa sababu kila rinda lina sehemu moja inayoonekana na mbili zilizojificha. Kitambaa kizito kikivutwa mara tatu hufanya uvimbe kiunoni ambao mkanda hauwezi kuuficha.

Istilahi tunayomsihi kila anayeanza aishike kwanza ni akiba ya mshono: kitambaa kinachobaki nje ya mstari wa kushonea. Mbunifu huchora patani, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, bila akiba, fundi hudhani imo, anakata palepale kwenye mstari. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, kila mmoja una kingo mbili. Kwa akiba ya sentimita 1.5, kifua kimepungua sentimita 6. Gauni hilo halifungi zipu, na kitambaa hakirudi. Andika juu ya kila kipande cha patani kama akiba imo au haimo, na ni kiasi gani.

Jirani yake ni nafasi ya kupumulia, ambayo ni tofauti kati ya kipimo cha mwili na kipimo cha nguo iliyokamilika. Kifua cha sentimita 92 kwenye kitambaa kisichovutika huhitaji gauni la kubana la kama sentimita 97 hadi 100. Kitambaa cha kuvutika, kama cha fulana, kinaweza kukatwa chini ya kipimo cha mwili. Kwa hiyo "kifua 38" ni maelezo nusu: inchi au sentimita, na ni mwili au nguo?

Kisha kuna uelekeo wa uzi. Uzi wa mtande hukimbia sambamba na ukingo wa jora, uzi wa mshindio huvuka upana. Ukikata kwa mshazari wa digrii 45, kitambaa huvutika na kufuata umbo la mwili. Mbunifu Madeleine Vionnet alijengea jina lake jijini Paris juu ya mkato huo katika miaka ya 1920 na 1930. Mshale wa uelekeo ukisahaulika kwenye patani ya suruali, mguu hujipinda na mshono wa ubavuni huhamia mbele. Mwavuli una mshazari ndani yake bila mtu kukusudia, maana duara hupita pande zote za uzi. Ndiyo sababu huning'inizwa angalau usiku mmoja kabla ya kukata upindo. Usipofanya hivyo, sehemu za mshazari hushuka baada ya siku chache na pindo huwa mawimbi.

Baadhi ya maneno si ya kujipachika. "Haute couture", jina la Kifaransa la ushonaji wa kifahari wa kumpimia mteja mmoja mmoja, inalindwa na sheria nchini Ufaransa tangu 1945, na nyumba ya mitindo hulitumia kwa idhini. Duka linaloshona kwa oda liseme hivyo tu. Ni kazi ya heshima.

Kujifunza kunaanzia mezani. Nunua koti moja la mtumba, lifumue mshono baada ya mshono, ubandike jina kwenye kila kipande: kola, mfuko, bitana, gamu, yaani kitambaa cha kukazia, iliyo nyuma ya kola. Fanya vivyo hivyo kwa kanzu ya pwani, kwa sababu majina yake ni ya kale na yamekamilika. Badani ni kipande kikuu cha mwili, taharizi ni vipande vya ubavuni, kaba huimarisha shingo kwa ndani. Kikwapa ni kipande kidogo kinachotiwa kwapani ili mkono unyanyuke bila kuivuta nguo nzima. Ukishakijua, unaweza kumwomba fundi akitie kwenye shati linalobana mabegani, badala ya kumwambia alipanue lote.