Asali "haina kijidudu"? Hapana jamani

Hii ya kwamba asali haiingii fangasi hata ikae miaka mia tumeisikia tangu utotoni, na ukinunua kidumu pale barabarani Mafinga kikaanza kutoa povu basi utaambiwa umepigwa, hiyo ni sukari guru. Si lazima.

Fangasi kwenye asali wapo kawaida tu, wanaingia na chavua, na vumbi, na nyuki wenyewe, ila wengi wamelala kwa sababu asali ina sukari nyingi mno na maji kidogo. Maji yakizidi kama asilimia 20 hivi, mfano imerinwa masega hayajafunikwa na nta, au chombo kimeachwa wazi msimu wa mvua (na mvua za Mufindi mnazijua), hamira (nazo ni fangasi) zinazovumilia sukari, kama Zygosaccharomyces, zinaamka. Ndo hilo povu na kale kaharufu ka ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Maabara wanawajuaje? Asali inazimuliwa na maji safi yasiyo na vijidudu, inamwagwa kwenye kisahani chenye chakula cha fangasi, inakaa nyuzi 25 siku kadhaa. Hamira zinatoa vidoa laini vya rangi ya maziwa, ukungu unatoa manyoya. Chini ya hadubini ukungu wa Penicillium unaonekana kama kafagio, ule wa Aspergillus una kichwa cha duara, lakini spishi kamili mara nyingi mpaka wasome DNA.

Kwa hiyo asali ya povu inaweza kuwa halisi kabisa, imerinwa mapema tu. Na mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali yoyote, ila hapo tatizo ni bakteria, si fangasi.