Je, wajua kwa nini chaki huisha kabla ya mshahara?

Mwalimu wa skuli ya kijijini Pemba anaweza kuingia darasani mwezi wa Mei mshahara wake umeshaingia wote, kwa wakati, na chaki hana. Muuguzi wa kituo cha afya jirani naye yupo kazini, kalipwa, lakini boksi la glovu tupu. Ukija kusoma taarifa ya mwaka ya idara zao, unakuta imeandikwa kwamba matumizi hayakuvuka ukomo wa bajeti. Taarifa haisemi uongo, na mwalimu naye hasemi uongo. Yanawezekanaje yote mawili?

Anza na jinsi fungu la idara linavyogawika. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai, Baraza la Wawakilishi pale Chukwani hupitisha makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar (SMZ). Fedha za wizara huwa na pande mbili. Upande mmoja ni maendeleo: majengo, barabara, mabomba. Upande wa pili ni matumizi ya kawaida, na humo ndani mna mishahara, mna ruzuku za taasisi, kisha mna kinachobaki, yaani matumizi mengineyo, ambayo wahasibu wote wanayajua kwa jina la OC. Chaki imo kwenye OC. Mafuta ya gari la wagonjwa yamo humo humo, pamoja na sabuni ya wodini, karatasi za mitihani, vipuri vya jenereta na bili ya umeme.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Idara imepewa shilingi milioni 100 za matumizi ya kawaida. Milioni 70 ni mishahara. Milioni 15 zina wenyewe tayari: umeme, maji, ulinzi, kodi ya ofisi. Zimebaki milioni 15 za kufanyia kazi. Linakuja agizo la kupunguza matumizi kwa asilimia 10. Likisomwa ofisini linaonekana jepesi, milioni 10 tu katika 100. Lakini mshahara wa mtu haukatwi, na bili usipoilipa unakatiwa umeme. Basi milioni 10 zote zinatolewa katika zile 15 za mwisho. Kilichoitwa asilimia 10 huko juu, kikifika chini ni theluthi mbili ya fedha za kazi. Hapo ndipo chaki inapopotelea, na hakuna aliyeiba.

Hesabu hii inabana zaidi kila mishahara inapopanda na ukomo ukabaki pale pale. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa SMZ kilipanda hadi shilingi 347,000, na ilikuwa haki yao, maisha yamepanda. Ila nyongeza ya mshahara isiyofuatana na nyongeza ya OC inamleta mtumishi kazini akiwa na moyo wa kazi bila kifaa cha kazi.

Jambo la pili ni kalenda. Fedha iliyoidhinishwa Barazani bado haijawa fedha mkononi. Inasubiri kuingizwa, na inaingizwa kadiri mapato yanavyokusanywa. Zanzibar haichapishi noti, na mikopo ya nje hupitia Serikali ya Muungano, kwa hiyo tegemeo la mwezi hadi mwezi ni kodi na ada zinazokusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA (zamani ZRB), na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kwa upande wa kodi za Muungano. Sehemu kubwa ya kodi hizo inatokana na utalii. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakarudi tena Disemba hadi Februari. Masika ikiingia, Aprili na Mei, fukwe za Paje na Kiwengwa zinapooza na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa matengenezo. Tazama basi inavyoangukia: robo ya mwisho ya mwaka wa fedha, ambapo akiba ya vifaa imeshatumika, ndiyo hiyo hiyo ya masika. Mwaka 2020 tuliona hali hiyo ikikuzwa kupita kiasi, pale korona ilipozuia ndege za wageni tangu Machi. Karafuu za Pemba nazo haziaminiki kwa hili, kwani mkarafuu huzaa sana msimu mmoja ukapumzika misimu inayofuata.

Mwezi ukiwa mkavu, ofisi hazifungwi. Mganga mkuu wa kituo anahitaji mafuta ya kumpeleka mzazi hospitali ya wilaya. Mhasibu anafungua kasma ya mafuta, yaani kifungu cha bajeti kilichotengewa mafuta, haina kitu. Basi wanakwenda kituo cha mafuta wanachokijua, dereva anasaini daftari, gari linajazwa kwa deni. Mama anafika, mtoto anazaliwa, na mimi sithubutu kumlaumu mtu yeyote katika hao. Lakini lile deni halionekani kwenye matumizi ya mwezi huo, kwa sababu halijalipwa. Idara imebaki ndani ya ukomo kwenye makaratasi. Mwenye mafuta anajua Serikali italipa baada ya miezi, kwa hiyo mwakani akijaza zabuni anapandisha bei kufidia kusubiri. Tunanunua mafuta yale yale kwa bei kubwa zaidi, na sababu ni kwamba mwaka uliopita tulibana.

Hapa ndipo ninapoona watu wanachanganya mambo mawili, kuokoa fedha na kuahirisha gharama. Matengenezo ndiyo ya kwanza kuahirishwa, kwa kuwa jenereta isiyofanyiwa sevisi mwezi huu bado itawaka mwezi ujao. Wazanzibari tunajua chombo kilichozeeka kinavyoweza kutulipisha. Waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba, Unguja, uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 giza likarudi kwa kiasi cha miezi mitatu. Pampu za visima zikasimama, watu wakabeba ndoo na madumu, hospitali na hoteli zikaendeshwa kwa jenereta. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na msaada wa Marekani, ulikamilika mwaka 2013. Kilichonibakia mimi katika kisa kile ni mfuatano wake: umeme ulipokatika, maji yalikatika, na maji yalipokatika kila wizara ilipata gharama ambayo haikuwa kwenye kasma yake.

Majengo mapya yana mtego wake pia. Katika fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) za kukabiliana na athari za korona, Zanzibar ilipata shilingi bilioni 231, na hospitali za wilaya zikajengwa. Ni jambo la kujivunia, mtu wa Kivunge au Micheweni akipata kulazwa karibu na kwao. Lakini fedha ya kujenga huja mara moja. Dawa, oksijeni, mashuka na mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku vinadaiwa kila mwaka, kwenye fungu lile lile la matumizi ya kawaida. Hospitali ikifunguliwa bila kuongezwa OC, zile milioni 15 za mfano wetu zinagawanywa kwa wodi nyingi zaidi.

Zipo idara zinazofanikiwa kubana bila kumuumiza mwananchi, na ukizitazama hazikati kila kasma kwa kiwango kimoja. Zinaanza kwa kuhakiki watumishi, kwa sababu jina hewa moja kwenye orodha ya mishahara linakula chaki za skuli nzima. Zinanunua kwa wingi na kwa pamoja, kama dawa zinavyopitia Bohari Kuu badala ya kila kituo kukimbilia duka la dawa. Zinakusanya ada kwa ZanMalipo, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, ili fedha isipite mkononi mwa mtu. Na lililo muhimu kuliko yote kwangu, zinachagua mapema kasma chache zisizoguswa, kwa mfano chanjo, dawa na mafuta ya gari la wagonjwa, na hizo ndizo zinazoingiziwa fedha mwanzo kila robo mwaka, kabla ya semina na safari.

Njia nyengine ni kuitoa gharama kwenye fungu la wizara na kuiweka kwenye mfuko wa michango. Matibabu bure yalitangazwa Zanzibar mwaka 1965, na kwa miongo mingi hazina ilibeba mzigo wote. Mwaka 2023 ukaanza Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, kwanza kwa watumishi wa umma. Mfuko unaleta fedha za uhakika ambazo hazingojei msimu wa watalii. Mvuvi na mkulima wa mwani wasio na mshahara wa kukatwa ndio wanaopaswa kutazamwa kwa jicho la karibu.

Kwa hiyo Waziri atakaposimama Chukwani kusoma hotuba ya bajeti, usiishie kwenye asilimia ya utekelezaji. Sikiliza kiasi gani kiliidhinishwa kwa OC, kiasi gani kiliingizwa, na kiliingizwa mwezi gani, kwa kuwa fedha ya dawa inayofika katikati ya Juni haikumtibu mgonjwa wa Machi. Kisha ulizia madeni ya wazabuni yaliyolimbikizwa hadi siku hiyo. Mwakilishi wako ana haki ya kuyauliza hayo Barazani, na wewe una haki ya kumtuma.